Kuwashirikisha Wakazi katika Sera na Mipango ya Data Huria ya Jiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na watu wa pande mbili: maafisa wa jiji waliokabidhiwa kazi ya kuandika sera ya data huria, na wakazi waliosikia kwamba jiji lao litafungua data zake wakataka kujua jambo hilo linawahusu vipi. Yamejibiwa pamoja kwa makusudi, kwa kuwa kila upande unafaidika kujua mwenzake anasumbuliwa na nini. Msimamo unaoongoza majibu yote ni mmoja: data za jiji huwa huria kweli pale mkazi anapoweza kuziulizia swali na akajibiwa na mtu mwenye uwezo wa kubadilisha kitu.

Data huria ya jiji ni nini hasa?

Ni kumbukumbu ambazo jiji huzikusanya katika shughuli zake za kila siku, kama vile vibali vya ujenzi, ukaguzi wa migahawa, bajeti, ratiba za mabasi, ajali za barabarani na malalamiko ya wananchi, zikachapishwa katika mfumo unaosomeka na kompyuta, bila malipo, na kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia na kuzisambaza upya. Jedwali lililopigwa picha na kuwekwa ndani ya faili la PDF halitoshi, maana anayetaka kujumlisha safu moja tu atalazimika kuandika tarakimu zote upya kwa mkono.

Desemba 2007, watetezi 30 wa uwazi serikalini walikutana Sebastopol, California, wakaandika kanuni 8 ambazo bado hutumika kama kipimo: data ziwe kamili, ziwe za asili, yaani kama zilivyokusanywa kwenye chanzo, zitolewe kwa wakati, zifikike, zisomeke na mashine, zisimbague mtu, zisifungwe katika mfumo unaomilikiwa na kampuni moja, na zisizuiwe na leseni. Kanuni hizo zinaeleza data zinavyopaswa kuwa. Haziko wazi juu ya nani aamue zipi zitangulie. Mkataba wa Kimataifa wa Data Huria wa mwaka 2015 ulisogea hatua zaidi kwa kuweka utawala bora na ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi yake 6.

Data ni kazi ya wataalamu. Kwa nini wakazi washirikishwe?

Kwa sababu wakazi ndio wanaojua tarakimu zinamaanisha nini mtaani. Chukua mfano wa jedwali la malalamiko ambalo majiji mengi hulichapisha. Mstari mmoja unasomeka hivi: limepokelewa tarehe 3, aina ni shimo barabarani, idara ni ya barabara, hali ni “imefungwa”, tarehe ya kufungwa ni 5. Mchambuzi aliye ofisini atahesabu siku mbili na kuandika kwamba idara inafanya kazi kwa haraka. Mkazi aliyetoa lalamiko hilo anaamka kila siku akiliona shimo lile lile mbele ya nyumba yake. Hakuna aliyedanganya: katika idara hiyo neno “imefungwa” linamaanisha kwamba mkaguzi amefika, amethibitisha, na amepeleka kazi kwa mkandarasi. Lakini asingekuwapo mtu wa kuuliza “imefungwa maana yake nini?”, wastani wa siku mbili ungeingia kwenye taarifa ya mwaka na bajeti ya matengenezo ikapangwa juu yake.

Maswali ya namna hiyo hayatoki kwa mtaalamu wa takwimu, hata awe hodari kiasi gani, kwa kuwa yeye anaishi na jedwali, naye mkazi anaishi na shimo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, nami naiona kuwa nzito kuliko zote. Sababu nyingine zinafahamika zaidi: jiji haliwezi kuchapisha kila kitu kwa siku moja, kwa hiyo lazima mtu aseme kipi kianze, na sera ambayo wakazi waliisaidia kuandikwa ina watetezi pale uongozi unapobadilika.

Wakazi waingizwe katika hatua gani?

Kabla ya sera kuandikwa. Majiji mengi hufanya kinyume: sera hupitishwa, tovuti hujengwa, data hupakiwa, kisha wananchi hualikwa ukumbini kuonyeshwa kilichokwisha kutengenezwa. Hapo wanachoweza kusema ni kama rangi za ramani zinapendeza. Sherry Arnstein, aliyeandika mwaka 1969 juu ya ushiriki wa wananchi katika mipango miji, aliugawa ushiriki huo katika ngazi ya vipandio 8, kuanzia kuchezewa akili hadi wananchi kushika madaraka wenyewe, na akaweka kupewa taarifa na kuombwa maoni katika vipandio ambavyo aliviita ushiriki wa jina tu. Afisa anayepanga mkutano ajiulize kwa unyofu amesimama kwenye kipandio kipi.

Kwa vitendo, kuna nyakati nne ambazo sauti ya mkazi hubadilisha matokeo: wakati wa kuorodhesha matatizo ambayo data zinatarajiwa kusaidia kuyatatua, wakati wa kuandika rasimu ya sera, wakati wa kupanga seti za data (yaani majedwali ya kumbukumbu) zipi zitangulie, na wakati wa kurekebisha makosa baada ya kuchapisha. Ule wa kwanza ndio hurukwa mara nyingi, na ndio wa bei nafuu kuliko yote, maana unahitaji masikio na daftari tu.

Rasimu ya sera ipelekwe vipi kwa wananchi?

Ichapishwe nzima, katika lugha ambayo wakazi wanaizungumza, na kwa namna inayomwezesha mtu kutoa maoni kifungu kwa kifungu. Mji mkuu wa Marekani, Washington, ulifanya hivyo mwaka 2016: rasimu ya sera ya data iliwekwa mtandaoni mahali ambapo yeyote angeweza kuweka alama kwenye sentensi na kuandika hoja yake kando yake, na sera ikatolewa mwaka uliofuata. Faida ya mtindo huo ni kwamba maoni hayapotei katika sanduku la barua pepe la ofisi. Kila mtu anaona mwenzake amesema nini.

Hata hivyo, kukusanya maoni ni nusu ya kazi tu, na kwa uzoefu wangu nusu ya pili ndiyo huachwa. Baada ya muda wa maoni kwisha, ofisi itoe jedwali lenye safu tatu: hoja iliyotolewa, uamuzi uliofanywa, na sababu. Pale hoja ilipokataliwa, sababu iandikwe kwa sentensi kamili. Nimewahi kushiriki zoezi ambalo wakazi walijitokeza kwa wingi, wakaandika kurasa nyingi za mapendekezo, kisha sera ikatoka ikiwa haijabadilika hata neno na bila maelezo yoyote. Ofisi ile ilipoitisha mkutano wa pili, viti vilikuwa vitupu, na sikuona wa kumlaumu miongoni mwa wale waliobaki nyumbani.

Muda nao ni jambo la msingi. Siku tano za kutoa maoni, katikati ya sikukuu, ni njia ya heshima ya kusema kwamba maoni hayatakiwi.

Ni vifungu gani vinavyofanya ushiriki uwe haki badala ya hisani?

Kifungu kikipambwa kwa maneno kama “jiji litahimiza ushiriki wa wadau” hakimfungi mtu yeyote. Sheria ya New York namba 11 ya mwaka 2012 ni mfano mzuri wa kusoma kwa makini, kwa kuwa ilipitishwa kama sheria ya jiji yenye nguvu kuliko agizo la meya, na hivyo haikuweza kufutwa kwa kalamu ya meya anayefuata. Iliitaka ofisi ya teknolojia iweke jukwaa la mtandaoni la kupokea maoni ya umma kuhusu sera na upatikanaji wa seti za data, na ikazitaka idara zizingatie maombi ya wananchi zinapopanga kipi kitangulie. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliongeza sharti la kamusi ya data, yaani maelezo ya kila safu wima: jina lake lina maana gani na tarakimu zake zilipatikana vipi. Ukirudi kwenye lile neno “imefungwa”, utaona kwa nini kamusi hiyo ni suala la ushiriki kama ilivyo suala la ufundi.

Kama ningeombwa kuchagua vifungu vichache vya kupigania, ningeanza na hiki: jiji lichapishe orodha ya data zote lilizonazo, pamoja na zile ambazo halijazifungua, likieleza kwa kila moja kwa nini bado imefungwa. Mtu hawezi kuomba kitu asichojua kwamba kipo. Baada ya hapo ningeweka muda maalumu wa kujibu maombi, wajibu wa kueleza sababu ya kukataa, njia ya kukata rufaa, na jina la cheo kinachowajibika. Kamati ya ushauri yenye wakazi ndani yake inafaa pia, ilimradi kumbukumbu za vikao vyake zichapishwe na wajumbe wake wasiteuliwe wote na ofisi inayoshauriwa.

Je, kuna tofauti gani kati ya sera hii na sheria za haki ya kupata taarifa?

Sheria za haki ya kupata taarifa humpa mwananchi uwezo wa kuomba kumbukumbu fulani na kupewa. Data huria humwondolea ulazima wa kuomba, kwa kuwa jiji huchapisha bila kusubiri. Mambo hayo mawili yanategemeana: ofisi inayopokea maombi ya taarifa ina hazina ya kujua wakazi wanataka nini, na seti inayoombwa mara kwa mara inapaswa kuwa ya kwanza kuchapishwa. Sera isiseme popote kwamba kuwepo kwa tovuti kunafuta haki ya kuomba.

“Wakazi” ni akina nani? Wanaokuja kwenye mikutano ni wale wale kila mara.

Wanaokuja ni wale wenye muda, usafiri, lugha ya ofisi na mazoea ya kusikilizwa. Mara nyingi wengi wao ni waandaaji programu, waandishi wa habari, watafiti na wafanyabiashara, watu muhimu wote, lakini si jiji zima. Mpangaji anayehamahama, mama anayelea watoto peke yake, mlinzi wa zamu ya usiku, mtu asiyeona, mhamiaji anayeogopa kila kinachofanana na ofisi ya serikali: hawa nao wamo ndani ya data, na pengine ndio wanaoandikwa zaidi kuliko wengine, kwa kuwa wanategemea huduma za umma.

Dawa yake ni kuwafuata walipo. Badala ya kuitisha mkutano mpya wenye jina “data huria”, omba dakika 20 katika mkutano ambao tayari wanahudhuria, iwe wa wazazi wa shule, wa wapangaji au wa kikundi cha kuweka akiba. Usianze na neno data. Anza na jambo linalowakera, kama basi linalochelewa au taa ya barabarani isiyowaka, kisha uonyeshe karatasi yenye kumbukumbu za jiji kuhusu jambo hilo hilo, uwaulize kama zinafanana na wanachokiona. Mazungumzo hujipa yenyewe.

Na wale wasio na intaneti au kompyuta?

Maktaba ya umma ndiyo mshirika bora ambaye majiji mengi humsahau. Huko Chattanooga, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, tovuti ya data huria ya jiji iliendeshwa na maktaba ya umma, na uamuzi huo una mantiki iliyo wazi: mkutubi amesomea kumsaidia mtu ambaye hajui bado swali lake ni lipi, anaaminiwa na watu wa rika zote, na mlango wake hauna mlinzi anayeuliza umefuata nini. Nje ya maktaba, kuna ramani zilizochapishwa kwa karatasi kubwa na kubandikwa ukutani, vipindi vya redio ambavyo afisa anajibu maswali hewani, na ujumbe mfupi wa simu kwa wasio na simu janja. Ramani ya ukutani ina sifa moja ambayo skrini haina: watu wanaweza kuizunguka, wakabishana, na kuandika juu yake kwa kalamu.

Shindano la kutengeneza programu za simu halitoshi?

Halitoshi. Washington iliendesha shindano la namna hiyo mwaka 2008, programu 47 zikapatikana ndani ya siku 30, na ulimwengu mzima ukaiga. Miaka miwili baadaye uongozi mpya wa teknolojia wa jiji hilo uliamua kutoliendeleza kwa mtindo ule, kwa kuwa programu zinazozaliwa mwishoni mwa juma hukosa wa kuzilea. Mashindano huonyesha kwamba data zinatumika. Hayawaambii wakazi ni tatizo lipi lilichaguliwa, na nani alilichagua. Linalodumu ni mkutano mdogo unaorudiwa. Huko Chicago ulianzishwa mwaka 2012 usiku wa kukutana kila Jumanne, ukaendelea kwa miaka mingi, ambapo watumishi wa umma, wanafunzi na wakazi hukaa pamoja na kufanyia kazi masuala ya jiji, na udumifu huo una thamani kuliko zawadi yoyote.

Wakazi walipwe kwa muda wao?

Ndiyo, pale jiji linapowaomba kazi halisi. Mshauri wa kampuni hulipwa kwa kueleza jinsi tovuti inavyoweza kutumika. Mkazi anayeijaribu tovuti hiyo na kuonyesha mahali anapokwama anafanya kazi ya thamani hiyo hiyo. Chicago ilikuwa na kikundi cha wakazi waliojiandikisha kujaribu programu za kiraia, na kila aliyeitwa kwenye kipindi cha majaribio alipewa malipo madogo kwa kadi. Mikutano ya wazi ya kutoa maoni haihitaji malipo, ila nauli, mtu wa kuangalia watoto na mkalimani ni gharama za kawaida za kuendesha mkutano wa haki, na ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Faragha yetu italindwa vipi?

Swali hili hupewa aya moja katika sera nyingi, nalo linastahili sura nzima. Hatari kubwa haitoki kwenye jina la mtu lililosahaulika ndani ya jedwali, kwa sababu kosa hilo huonekana kirahisi. Inatoka kwenye muunganiko wa vitu vinavyoonekana visivyo na madhara. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya mahali wanapoishi. Hakuna jina hata moja katika orodha hiyo.

Mwaka 2014 kumbukumbu za safari zaidi ya milioni 173 za teksi za New York, zilizofanyika mwaka 2013, zilitolewa kwa mwananchi aliyeziomba kwa njia ya sheria ya taarifa. Namba za leseni za magari zilikuwa zimegeuzwa kuwa mifuatano ya herufi na tarakimu ili zisijulikane. Kwa kuwa leseni hizo hufuata miundo michache inayojulikana, mtaalamu mmoja alitengeneza orodha ya namba zote zinazowezekana, akazigeuza kwa njia ile ile, akalinganisha, na muda si mrefu kila gari likawa limefichuliwa. Kutoka hapo ilikuwa rahisi kukadiria kipato cha dereva, na wengine wakalinganisha saa na mahali pa safari na picha za watu mashuhuri wakipanda teksi, wakajua walikwenda wapi na walilipa kiasi gani.

Somo kwa mwandaaji wa sera ni kwamba uamuzi wa faragha usifanywe na mtu mmoja aliye nyuma ya kompyuta. Waulize wale ambao data zinawahusu, kabla ya kuchapisha: mtu mwenye nia mbaya angeweza kufanya nini na jedwali hili? Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili atakuambia kwamba anwani kamili ya aliyepiga simu ya dharura ni hatari, hata bila jina. Mwenye duka atakuambia kwamba saa za doria zikijulikana, wezi nao watazijua. Seattle, katika agizo la meya la mwaka 2016, ilichagua maneno yanayomaanisha kwamba uwazi ndio unaopendelewa, badala ya kusema kwamba kila data ni wazi isipokuwa ikizuiwa, ili kila seti ipitiwe kwanza kwa jicho la faragha. Na mwaka 2018 tathmini huru ya hatari za faragha katika mpango huo ilichapishwa kwa umma. Wapo wanaoona kwamba maneno hayo yanawapa maafisa kisingizio cha kuficha. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana orodha ya data zilizozuiwa, pamoja na sababu, inapaswa kuwa wazi kwa wote.

Inawezekana data huria zikawaumiza wanyonge?

Inawezekana, na anayekana hilo hajasoma historia yake. Katika jimbo la Karnataka nchini India, kumbukumbu za ardhi za vijijini ziliingizwa kwenye kompyuta chini ya mpango wa Bhoomi, uliosifiwa sana kwa kupunguza urasimu. Watafiti waliofuatilia matokeo yake walieleza kwamba wenye fedha, mawakili na wapimaji walizitumia taarifa hizo kutambua dosari katika umiliki wa watu maskini na kujipatia ardhi. Taarifa zilikuwa wazi kwa wote, lakini uwezo wa kuzitumia haukuwa wa wote.

Kwa hiyo kila mpango wa data uende sambamba na mafunzo, msaada wa kisheria pale unapohitajika, na swali la wazi: ni nani atafika kwanza kwenye data hizi, naye atazifanyia nini? Kama jibu ni mnunuzi wa viwanja, basi wakazi wa eneo husika wapewe taarifa na msaada kabla ya tarehe ya kuchapisha.

Mkazi akigundua kosa, afanye nini, na jiji lifanye nini?

Mkazi aeleze seti gani, mstari upi, kosa ni lipi na amejuaje. Jiji limpe namba ya kumbukumbu, limjibu, na liandike marekebisho mahali ambapo kila mtumiaji wa seti hiyo ataona.

Mfano ambao huwa napenda kuueleza ulitokea New York mwaka 2016. Mchambuzi mmoja, mkazi wa kawaida wa jiji hilo mwenye gari, alijua kwamba kanuni ilikuwa imebadilishwa miaka kadhaa nyuma kuruhusu kuegesha mbele ya baadhi ya miteremko ya waenda kwa miguu ambayo haina kivuko kilichochorwa. Alifungua data za faini za maegesho, akatafuta sehemu zilizokuwa zikiongoza kwa faini za aina hiyo, akazitazama kwenye picha za barabarani, akakuta nyingi zilikuwa mahali halali kabisa pa kuegesha. Aliwaandikia polisi. Nao, badala ya kukana, walijibu kwamba baadhi ya askari wa doria hawakuielewa kanuni mpya, kwamba mafunzo yametolewa, na kwamba faini hizo zitafuatiliwa. Mchambuzi huyo hakufichua siri yoyote. Alisoma jedwali ambalo jiji lenyewe lililichapisha, na jiji likaonyesha ukomavu wa kukubali. Afisa anayeogopa kwamba data zitatumika kumshambulia naamini angetulia kidogo akijua kwamba jibu moja la ukweli lilipokewa vizuri kuliko ambavyo ukimya ungepokewa.

Wakazi wanaweza kutoa data zao wenyewe?

Wanaweza, na pengine data zao ni bora kuliko za ofisi. Mwaka 2009, vijana wa Kibera, Nairobi, walifundishwa kutumia vifaa vya GPS wakachora mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap, mtaa ambao katika ramani zilizokuwepo ulionekana kama eneo tupu. Visima, vyoo, zahanati na shule vikapata mahali kwenye ramani. Sera ya jiji ieleze jinsi data za namna hiyo zitakavyopokelewa, zitakavyohakikiwa na zitakavyotambuliwa kuwa ni za wakazi, na iwaachie waliozikusanya uamuzi juu ya kipi kisichapishwe.

Jiji letu ni dogo na halina fedha. Tuanzie wapi?

Anzeni na seti tatu ambazo wakazi wameziomba, si thelathini ambazo ni rahisi kupakia. Tafuteni mshirika: huko Pittsburgh, tangu mwaka 2015, jiji, kaunti na chuo kikuu wanaendesha kituo kimoja cha data cha eneo lote, na chuo kikuu ndicho kinachokisimamia, hivyo hata manispaa ndogo jirani hazihitaji kujenga tovuti zake. Faili safi la jedwali lenye maelezo ya ukurasa mmoja, likisasishwa kwa tarehe iliyoahidiwa, linashinda tovuti ya kifahari iliyotelekezwa.

Tutajuaje kama ushirikishwaji unafanya kazi?

Idadi ya seti zilizochapishwa na idadi ya waliopakua ni vipimo rahisi, lakini havielezi mengi. Hesabuni maombi yaliyopokelewa, yaliyojibiwa na muda uliotumika; makosa yaliyoripotiwa na yaliyosahihishwa; maamuzi ya jiji yaliyobadilika kwa sababu ya swali la mkazi; na mitaa ambayo haijawahi kuuliza kitu. Hicho cha mwisho kitawasumbua, na kinapaswa kuwasumbua, kwa sababu ukimya wa mtaa mzima mara chache huwa ni dalili ya kuridhika. Matokeo yachapishwe kama seti ya data nayo.

Mimi ni mkazi tu, sijui hata kutumia programu ya majedwali. Naweza kufanya nini?

Unaweza kuuliza, na swali zuri halihitaji programu yoyote. Chagua jambo moja unaloliona kwa macho yako kila siku. Iandikie ofisi ya jiji, au nenda maktaba usaidiwe kuandika, ukitaja vitu vinne: unataka kumbukumbu za nini, za eneo gani, za kipindi gani, na unataka kuzitumia kujua nini. Hilo la nne sheria nyingi za taarifa hazikulazimishi kulisema, lakini humsaidia afisa mwenye nia njema kukupa unachohitaji hasa, kwa kuwa pengine kipo katika seti nyingine yenye jina usilolitarajia. Weka nakala ya barua yako pamoja na tarehe. Ukijibiwa kwa jedwali usilolielewa, rudi uulize kila safu ina maana gani. Huo si usumbufu, ni sehemu ya kazi yao na yako. Usipojibiwa katika muda uliowekwa, peleka nakala ya barua ile ile kwa diwani wako, na safari hii uwe na majirani wawili waliotia saini.